Siku Baba Aliponifuata Ulaya

Juzi mjukuu wangu alirudi likizo kutoka shule yao ya sekondari ya masista, goti limechubuka na mkononi ana kikombe cha mbio. Alianguka karibu na mwisho, akainuka, akawapita wenzake. Ndivyo anavyosimulia, na kila anaposimulia wale aliowapita wanaongezeka. Akanipa habari za kwaya yao, mpira wa pete, mdahalo, bustani ya mboga, na sista mmoja ambaye kila asubuhi huwauliza kama wamelala vizuri, na asiyelala vizuri huitwa pembeni akaulizwa sababu. Halafu akatoa kichupa cha dawa ya kidonda alichopewa huko, akafungua kizibo ili nimpake. Harufu iliponifika, nikamwomba anipishe nikae.

Wenzangu wa rika langu mliopita kwenye misheni za zamani, harufu hiyo mnaijua. Siku hizi dawa ni ya maji, ya kwetu ilikuwa unga wa njano unaonyunyizwa, lakini zote mbili hupanda puani vilevile, zikakaa kwenye nguo siku nzima. Mjukuu alidhani naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimerudi Ulaya.

Kwetu ni Mkongo, kijiji cha bonde la Rufiji, na baba yangu alikuwa mkulima wa mpunga. Nilipokuwa mdogo, nimeanza tu kung'oka meno, niliota donda ndugu mguuni, chini kidogo ya goti. Mama aliweka majani, akaweka asali, akaweka masizi, na donda likazidi kula. Mwishowe Baba akanibeba mabegani, akatembea nami mpaka kwenye misheni moja upande wa Kibiti, ambako watu walisema yuko sista anayetibu vidonda.

Kwenda kule hakukumpendeza. Baba hakuwapenda wazungu. Kila mwaka alitolewa kwenye mpunga wake akalime pamba kwenye shamba la serikali, na mgongoni alikuwa na mistari iliyotuna, mirefu, ambayo mimi nilizoea kuipitishia kidole nikiwa nimebebwa. Nilidhani baba wote wanazaliwa nayo, kama wanavyoota ndevu.

Huyo sista aliitwa Klara. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa myekundu kama ya mtu anayefua siku nzima, na Kiswahili chake kilikwenda haraka bila kujali kinakanyaga nini. Aliangalia mguu, akaunusa, akasema mtoto abaki. Baba akamwambia kwamba mguu ukipona atanifuata, na kwamba dini yangu isiguswe. Sista akakubali, na nitasema ukweli wake: wenzetu walipokwenda kanisani, sisi watoto wa Kiislamu tulibaki na Bi Tatu, mpishi, tukichambua mchele. Bi Tatu alikuwa mjane kutoka visiwa vya delta, mwenye sauti ya kuitia mitumbwi hata anapoomba chumvi.

Donda lilifungwa polepole, na huku likifungwa mimi nikaanza kupenda shule. Asubuhi tulipanga mstari kwa Sista. Alitazama macho, akatazama ulimi, akaosha vidonda, akanyunyiza ule unga wa njano, kisha kila mmoja akameza kwinini na kufungua kinywa kuonyesha kwamba ameimeza kweli. Baada ya hapo Mwalimu Damiani, kijana mwembamba aliyekulia kwa mapadri huko Bagamoyo, alitufanyisha mazoezi ya viungo: mikono juu, mikono chini, ruka kama chura. Ndipo tukaingia darasani. Rafiki yangu alikuwa Paulina, msichana aliyenizidi kimo na maneno. Alikuwa yatima, amekaa misheni muda mrefu kuliko sote, na lolote nililomuuliza alikuwa na jibu.

Basi msimu mmoja, mpunga ukiwa umekwisha vunwa, wakubwa wakaanza kunong'ona. Padri alifunga safari kwenda Dar es Salaam na hakurudi. Watu waliokuja kutibiwa wakapungua, kisha wakakoma. Alfajiri moja Sista alituamsha, akatuambia shule inasafiri. Kila mtoto achukue mkeka wake, bakuli lake na kibao chake cha kuandikia. Mwalimu Damiani alibeba sanduku la dawa kichwani, Bi Tatu akabeba sufuria, na tukatembea mpaka ukingo wa kijito, ambako ndugu zake Bi Tatu walikuwa wanasubiri na mitumbwi.

Nilimuuliza Paulina tunakwenda wapi. Alifikiri kidogo tu, akasema ni jambo linalojulikana: sista akipanda chombo cha majini, anakwenda Ulaya.

Nilimwamini kabisa, na nyinyi mngekuwa mahali pangu mngemwamini. Mimi nilizaliwa kando ya mto, lakini mto wangu ulikuwa na adabu, ulikwenda upande mmoja. Huko tulikoingia nikaona maji yanasimama, kisha yanarudi yalikotoka. Niliyachota kwa kiganja nikaonja, yana chumvi. Nikaona miti imesimama juu ya mizizi yake kama watu waliopandisha shuka wasilowe. Nikaona samaki wadogo wametoka majini wanarukaruka kwenye tope, wanatutumbulia macho. Kama hiyo si Ulaya, ingekuwa nini? Tuliposhuka kwenye kisiwa chenye mashamba ya mpunga yaliyovunwa na madungu ya kulindia ndege, nilistaajabu jambo moja tu, kwamba wenyeji wa Ulaya wanasema Kiswahili kama sisi, na wengine wao wana undugu na Bi Tatu.

Tulikaa huko. Wasichana tulilala kwenye dungu kubwa, wavulana kwenye madungu mawili ya karibu, na Sista alijengewa kibanda cha makuti nyuma, ndani ya mikoko, mahali ambapo mtumbwi ukipita huwezi kukiona. Nilidhani ni kwa sababu hapendi jua.

Sasa nikiwa mzee ndiyo najiuliza Sista, Mwalimu na Bi Tatu walipata wapi moyo. Nchi yote ya juu ilikuwa inawaka. Hiyo ndiyo miezi ya Vita vya Maji Maji, nyumba za serikali zinachomwa, pamba inang'olewa, askari wanapita na bunduki, watu wanakufa pande zote. Nasi kisiwani tulikuwa na ratiba. Macho, ulimi, vidonda, kwinini. Ruka kama chura. Kusoma, kuhesabu, kisha kuvua kaa na Bi Tatu maji yakipwa, kisha kuimba. Mwalimu alitugawa sauti mbili, akatufundisha sauti moja isikimbie wakati nyingine inangoja, na siku ya kwanza tulipofika mwisho pamoja tulitazamana kama watu walioona jini. Sista alipomkuta mtoto amekaa peke yake, hakumwita mbele za watu. Alikwenda kuketi kando yake na kazi ya kushona, wakashona mpaka mtoto mwenyewe aseme. Paulina aliyekuwa akikojoa kitandani aliacha huko. Aliniruhusu niseme hadharani, maana naye sasa ni bibi mwenye wajukuu na anaona fahari.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, tulikuwa na onyesho. Kila mmoja alionyesha alichojifunza wiki ile: huyu anaogelea kutoka mzizi huu mpaka ule, huyu amesuka kipepeo cha kupepea moto, huyu anakariri, wale wanaimba. Aliyependeza zaidi alifungwa utepe mwekundu mkononi na kuuvaa mpaka Jumamosi nyingine. Niliutamani utepe ule mpaka nikauota. Lakini sauti yangu ilikuwa ya chura hasa, kuogelea sikujua, na kipepeo changu Bi Tatu alikitia motoni akidhani ni takataka. Kilichobaki kilikuwa herufi. Nikazishika. Niliandika kwenye kibao, kibao kikijaa niliandika kwenye tope kwa kijiti, maji yakija kufuta nikaandika upya.

Jumamosi ninayotaka kuwasimulia, maji yalikuwa yamepwa na onyesho lilikuwa limeanza. Zamu yangu ilikuwa inafuata. Nilikuwa nimesimama kwenye tope kavu na kijiti changu, Sista ametoka kibandani na kuketi kwenye kigoda, na kwaya inashusha wimbo, mara wimbo ukakatika. Wanaume watatu walikuwa wametokea kwenye mikoko. Walivaa vitambaa vya kaniki vichwani, wana mikuki, mmoja ana bunduki ya gobore, na kila mmoja amening'iniza shingoni kipande cha mwanzi kilichozibwa.

Watoto wakubwa walijua hao ni wapiganaji. Niliona Mwalimu Damiani akisogea mbele ya Sista. Sista akasimama, akamwondoa Mwalimu taratibu kwa mkono wake mkubwa, akabaki wazi mbele yao. Bi Tatu aliacha kupakua.

Mimi sikujua chochote. Mimi nilimtambua wa katikati kwa mwendo wake. Nilitupa kijiti, nikakimbia, nikicheka kwa furaha mpaka nikajikwaa, nikamkumbatia miguu.

Nikamwambia, "Baba, na wewe wamekuleta Ulaya?"

Bi Tatu, mwiko bado uko mkononi, akaangua kicheko kwa ile sauti yake ya kuitia mitumbwi. Alicheka akajishika magoti. Paulina akacheka, wadogo wakacheka bila kujua wanachekea nini, na yule kijana mwenye gobore akageuza uso kando, mabega yanamtikisika. Aliyebaki bila kucheka alikuwa mtu mrefu mwenye makovu mashavuni, ambaye ndiye alikuwa mkubwa wao. Aliuliza Ulaya ndiyo nini hapa, na Baba akamjibu kwa upole kwamba huyu ni mwanawe, amvumilie.

Nilishika ule mwanzi wa shingoni mwa Baba, nikautikisa, nikasikia maji ndani. Nikamsifu kwa kubeba maji, maana safari ya Ulaya ni ndefu na maji ya huku yana chumvi. Alinishika mkono akautoa pale polepole; sikujua kwamba hiyo ndiyo dawa yao ya kugeuza risasi kuwa maji.

Yule mtu mrefu akasema shida yake. Wameambiwa kuna mzungu amefichwa kisiwani, na mzungu akiachwa leo, kesho ataleta askari. Alisema bila kelele, kama mtu anayesema magugu yang'olewe. Aliyejibu ni Bi Tatu, machozi ya kucheka bado yako usoni. Alisema mwanamke huyu anakula chungu chake, analala juu ya ardhi ya ukoo wake, na mtu akimgusa atakuwa amemgusa mgeni wa watu wa delta wote, wao ndio wajue watapitaje kwenye vijito vyao baada ya hapo.

Mtu mrefu hakupenda neno hilo. Alimtazama Baba kana kwamba zamu ni yake. Baba akapiga goti, akanigeuza mguu juani. Donda lilikuwa limekwisha, limeacha kovu laini linalong'aa. Alilibonyeza kwa dole gumba, akauliza kama linauma. Nikasema haliumi. Akauliza nani alilifunga. Nikamwonyesha Sista kwa kidole.

Baba alimtazama yule mwanamke kwa muda mrefu. Najua sasa alikuwa anapima nini. Mgongo wake mwenyewe, wenye mistari ya viboko vya shamba la pamba, ulikuwa chini ya shuka. Sista hakuinamisha macho, wala hakuomba. Alisema tu kwa Kiswahili chake kinachokanyaga, "Mguu yake nzuri sasa. Anaruka sana."

Ndipo Baba akauliza watoto walikuwa wanafanya nini kabla hawajaja. Nikamweleza habari ya onyesho, na utepe, na kwamba zamu ilikuwa yangu na wao wameniharibia. Akasema basi nionyeshe.

Nikaokota kijiti. Nilikuwa nimepanga kuandika maneno ya Sista ya kitabuni, lakini nikabadili. Niliinama kwenye tope nikaandika jina la Baba, herufi kubwa, moja baada ya nyingine, nikizisoma kwa sauti. Mistari ilikuwa imepinda, na herufi moja niliigeuza nyuma mbele. Baba akauliza kama hilo ndilo jina lake, lote. Nikasema ndilo. Alitaka kulitazama kutoka upande wa pili, na nakumbuka alivyozunguka mbali, akiinua miguu, asilikanyage. Yule kijana mwenye gobore akaja akachutama, akaniuliza kama naweza kuandika na lake. Nikaliandika. Mtu mrefu peke yake hakutaka jina lake liandikwe, lakini alikuja akasimama juu ya yale mawili akayaangalia, na mkuki ameuegemeza begani kama jembe.

Baba akamwambia, "Mimi sijaona mzungu hapa. Nimeona shule."

Waliondoka kando wakazungumza. Sikusikia, ila niliona mikono ya mtu mrefu ikikataa, kisha ikichoka. Waliporudi, alimwambia Bi Tatu kwamba hawakufika kisiwa hiki, na yeye aseme hawakufika. Bi Tatu akawapakulia wali na kaa. Mtu mrefu alikataa, akisema amekatazwa kula vya njiani. Kijana alitazama sufuria mpaka nikamhurumia.

Nilidhani Baba atanibeba. Mguu ulikuwa umepona, na alisema atanifuata mguu ukipona. Nilikuwa tayari nawaza nitakavyomwacha Paulina. Lakini aliniweka mikono mabegani, akaniambia nibaki. Nikamuuliza kwa nini, akasema safari ya Ulaya ni ndefu, hawezi kunirudisha bila chombo kizuri. Nikamwambia amsalimu Mama, na amwambie huku kuna samaki wanaotembea. Akaahidi kumwambia. Wakaingia kwenye mikoko, na jambo la mwisho nililoliona ni kisogo chake na kile kitambaa cha kaniki.

Utepe nilipewa mimi. Sista alinifunga, na fundo likamfungukia mara mbili mpaka Mwalimu akamsaidia. Paulina alilalamika waziwazi kwamba herufi moja ilikuwa imegeuka, kila mtu ameiona, na alinuna mpaka chakula cha jioni. Bi Tatu akampa kaa mkubwa kuliko wa wote.

Tulirudi misheni mvua za vuli zilipokaribia. Paa la darasa lilikuwa limeungua, tukasoma chini ya turubai huku wavulana wakisaidia kuezeka. Hapo ndipo Mwalimu Damiani alipotuchorea dunia ukutani kwa mkaa, akaonyesha Ulaya, akaonyesha Rufiji, na kati yake nafasi kubwa kuliko mkono wangu. Nilisimama nikasema kwa fahari kwamba mimi nimefika. Darasa lilivyocheka, Mwalimu alishindwa kulinyamazisha, akacheka nalo. Nililia kidogo. Si kwa aibu. Nilikuwa nimeipoteza Ulaya yangu ghafla hivi, mbele za watu. Sista aliketi kando yangu na kazi ya kushona.

Baba alikuja mvua zikiwa zimekolea. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani, na shingoni hakuna tena mwanzi. Nilimuuliza habari za yule kijana mwenye gobore, akasema amebaki. Nikauliza amebaki wapi. Akasema huko. Kwetu bondeni njaa ilikuwa imeanza, kwa hiyo akaniacha tena misheni, na safari hii alimwomba Sista mwenyewe. Walizungumza wamesimama mbalimbali kidogo, kila mmoja anatazama mguu wangu, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jambo walilolijua wote wawili.

Nilisoma mpaka darasa la juu walilokuwa nalo, kisha nikawa mwalimu wa wadogo, binti wa kwanza wa Mkongo kushika chaki. Baba alikuwa akipita kunitembelea, anaketi nje ya dirisha, anasikiliza watoto wakisoma kwa pamoja. Siku moja, mimi nikiwa tayari mama wa watoto, tulikuwa tunapukusua mahindi uani nikamuuliza jambo nililolibeba miaka yote: siku ile alinikuta nimepona, mwenyewe alikuwa ameahidi kunichukua, mbona aliniacha mikononi mwa mzungu katikati ya vita?

Alipukusua hindi moja lote kabla hajajibu.

"Nilitoka Mkongo nikapita vijiji vyote vile," akasema. "Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemkuta anacheka. Ningekutoa hapo nikupeleke wapi?"

Akanyoosha mkono kuchukua hindi jingine.